Mkwe Alivyotaka Kuchimba Ukuta Wangu

Mimi watu nawaiga, toka msichana. Padri akihubiri Jumapili, Jumatatu anahubiri tena jikoni kwangu, na kikohozi chake chote. Hata kuumwa kwangu nilikujulia hapo. Nilikuwa namwiga shemeji yangu anavyogombana na ng'ombe wake, pumzi ikakata katikati. Ng'ombe hajajibu. Watu wakacheka, wakajua ndiyo mchezo wenyewe. Mimi nimeshika fremu ya mlango, nchi inazunguka.

Ikawa hivyo sasa. Naanza mtu, simmalizi. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Kulala nalala nimekaa. Nikanyamaza. Wajukuu wakija wananiambia, "Bibi, tufanyie mwenyekiti wa kijiji!" Nasema mwenyekiti kasafiri. Nikabaki na sauti yangu mwenyewe tu, na kumbe nilikuwa siijui. Ilikuwa ndogo, kama ya mgeni anayeomba maji.

Vidonge nilimeza, vikanisaidia kidogo, halafu vikachoka. Wakanipeleka Dar. Huko daktari kijana, anaongea kwa ulaini, maneno yamepakwa mafuta: "Bibi yangu mpenzi, moyo una pande mbili. Wako umeme wake unachelewa kufika kushoto. Upande huu ukisukuma, mwenzake bado yupoyupo."

Nikamwambia, "Umeme? Kijijini kwetu nguzo zimefika juzi, wewe unasema nilikuwa nao kifuani?"

Alicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshamwelewa. Sisi Wasukuma tunalima kwa ngoma. Watu mnajipanga mstari, majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Mmoja akichelewa, mstari wote unapinda. Hamjakaa, hamjacheza, mnatoka jasho, na jioni shamba liko palepale. Sasa huo ndio ulikuwa moyo wangu. Haukuwa mvivu. Ulikuwa unalima bila ngoma.

"Ndiyo hiyo ngoma tunakuwekea," akasema. Kidude kama kiberiti, kinakaa chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto. Nyaya zake zinapita kwenye mshipa mpaka pande zote za moyo, zinazigonga zisukume pamoja.

Nikamuuliza, "Nitaweza kuiga watu tena?"

Akasema, "Wengi wanapata nafuu, bibi. Si wote. Na vidonge huachi."

Hiyo "si wote" ndiyo iliyonifanya nikubali. Mganga wa kwetu hajawahi kuniambia si wote.

Wakaniwekea, na kabla sijatoka daktari akanipa masharti. Mkono wa kushoto nisiunyanyue juu mpaka kidonda kipone. Mashine za kutafuta vyuma zikae mbali na kifua. Na simu… hapo akaanza kuangalia dari. "Simu, bibi, usiiweke… huku… upande wa…"

"Kwenye sidiria, mjukuu wangu. Sema tu, sitakuuma."

Nikaja kukaa Geita kwa binti yangu, niwe karibu na hospitali. Mume wake ni mchimbaji, kijana mzuri, mwenye heshima. Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe, ananisalimia kwa mbali, macho kwenye kuku. Sasa kifua cha mama mkwe utakisimuliaje kwa mtu wa namna hiyo? Binti alimwambia mama kapasuliwa, basi. Kidude cha chuma hakikutajwa.

Miguu ilinywea. Nikawa nalala kama watu. Lakini kuiga sikujaribu. Niliogopa. Nikianza mtu akanikatikia tena, nitajua mimi ni wa kwenye "si wote". Bora nisijue. Siku zikaenda hivyo, nimekaa kimya na ngoma yangu.

Alasiri moja nimekaa kwenye mkeka, nimeegemea ukuta wa udongo, nachambua mchicha. Nasikia nje: wiiii. Nikainama kuchukua sufuria, kimya. Nikaegemea tena: wiiii! Mkwe huko nje anamwita mwenzake, sauti anaibana: "Kaka, njoo! Humu kwenye ukuta humu! Sikia! Inakuja, inapotea, inakuja! Hii si msumari!"

Alikuwa anajaribu detekta yake, ile mashine ya kunusia dhahabu.

Nilipokumbuka maneno ya daktari nikahamia katikati ya chumba mbio, mchicha umemwagika. Binti akaingia. "Mama, baba watoto anaomba uhamie kwa watoto kidogo. Anasema chini ya ukuta wako kuna mali. Sururu anayo mkononi."

Nikamwonyesha bega. Akaziba mdomo na khanga. "Yesu wangu! Nitamwambiaje?"

Hawezi kumwambia, na mimi siwezi kumwambia. Na nje sururu ishagonga mara ya kwanza, udongo unadondoka. Basi nikafungua mdomo, akatoka mkwe. Mzimamzima. "Kaka, njoo! Inakuja, inapotea! Hii si msumari, kaka, hii ni mali! Tupige duara hapahapa, tushuke shimoni! Kumbe kaka, mali yenyewe ni ya hospitali, wamemfukia mama mkwe kifuani, na ukiifukua, kaka, utamzika wewe!"

Halafu nikasikia sururu inalazwa chini taratibu, na yule mwenzake anacheka mpaka anakohoa. Mkwe akaja hadi nyuma ya pazia la mlango, akaishia hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Ukuta utauziba. Na huyo mbwa wako wa dhahabu mfunge mbali."

"Ndiyo, mama."

Binti alikuwa ananitazama, hacheki. "Mama," akasema, "umemmaliza."

Kweli, nilikuwa nimemmaliza. Mkono wangu haukuwa umeshika kitu. Nikamwambia akawaite watoto, mwenyekiti karudi safari.