Maziwa ya Kuosha Kifua

Kwetu Kasulo, mtaa wa machimbo ya madini, kila mchimbaji anajua kwamba maziwa yanaosha vumbi kifuani. Mume wangu hakushuka shimoni kabla ya kunywa kikombe, na akipanda alikunywa kingine. Nami niliamini kama wote. Kwa hiyo binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, alipoanza kukohoa akiwa na miezi saba, sikuona haja ya kumuuliza mtu. Vumbi lilikuwa limejaa hadi kwenye shuka lake.

Mjini maziwa ni ya unga, na mimi nilitaka ya ng'ombe, yale hasa. Nilimpata mzee mmoja aliyeyaleta kwa baiskeli kutoka shamba la nje ya mji, nikawa mteja wake wa kila asubuhi. Mimi ni mbishi tangu utotoni, nikianza jambo sitaki nusunusu. Nilimwachisha mtoto ziwa langu. Akikataa uji, basi, biberoni, chupa ya maziwa, ipo: nne, tano kwa siku. Alinenepa, akatulia, majirani wakamsifu, nami nikavimba kichwa.

Kisha akatulia kupita kiasi. Viganja vilipauka, ulimi pia. Nikasema vumbi limezidi, nikaongeza biberoni ya sita. Hadi leo naona aibu kuiandika hiyo ya sita.

Kwenye zahanati, muuguzi, baba mtu mzima, alivuta kope ya chini ya mtoto, akatazama, akanigeukia.

"Mama, huyu mutoto hana damu. Unamupatiaka nini?"

"Maziwa ya ngombe, tata. Juu ya vumbi, ioshe kifua."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinieleza kwamba mtoto asiyefika mwaka hapewi maziwa ya ng'ombe badala ya ziwa la mama: hayana madini ya chuma ya kutosha kutengeneza damu, yanamshibisha hadi anakataa chakula, tena yanaweza kumtoa damu tumboni kidogo kidogo bila mtu kuiona. Madini! Sisi tunaoyachimba hadi chini ya vitanda vyetu.

Mume wangu alitoa damu yake siku hiyohiyo. Iliingia nusu ya mfuko, moyo wa mtoto ukachoka, ukasimama. Alikuwa na miezi kumi na moja.

Matangani, mchimbaji mmoja, mwenzake mume wangu, alikaa karibu nami akanifariji kwa upole kabisa.

"Ni ile vumbi, mama. Kama angekunywaka maziwa mingi, angepona."

Jirani yangu, mwanawe mchanga mapajani, aliinua kichwa. Aliniuliza yule mzee wa baiskeli anapita saa ngapi.

Maneno yote ya muuguzi yalikuwa mdomoni mwangu. Lakini ningeyasema, wote wangejua ni mkono wa nani uliomnywesha binti yangu kilichomuua.

Nilimwambia anapita saa moja asubuhi.