Ndizi Ndani ya Kigari

Sisi tuliokua kabla ya kujua kuna kitu kinaitwa kigari cha mtoto, tulikuwa na mgongo. Pale Korogwe, msichana akishaweza kukimbia bila kujikwaa, anafungiwa mdogo wake kwa mbeleko ya kanga, haya, kacheze. Hakuna aliyekuuliza kama unataka. Mama yangu alikuwa na onyo moja tu: "Ukimwangusha huyo, na wewe usirudi nyumbani."

Na tulicheza nao kwelikweli! Rede tulicheza na watoto mgongoni, mpira wa soksi unapita masikioni vuu! Sheria ilikuwa hivi: mpira ukikugonga wewe, umekufa, ukimgonga mtoto, haihesabiwi. Basi wasiokuwa na wadogo walikuwa wanaazima kwa jirani. Mdogo wangu Shabani alikuwa bonge la mtoto, mashallah, nikigeuza mgongo tu hakuna wa kuniua. Tukichoka tunakaa barazani na mihogo ya kuchemsha, namega, nampitishia kipande kwa juu ya bega, anakila na kunifutia mikono kwenye nywele. Gauni langu la shule lilinuka mkojo wake mpaka mwalimu akazoea. Wazee walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Shabani kisogo changu alikihifadhi kama msahafu.

Sasa mimi leo ni bibi, naishi Tottenham na binti yangu Zuhura. Huyu kazaliwa hapahapa London. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ila ukimsengenya kwa Kiswahili anaelewa neno kwa neno. Ana mtoto wa kiume, Idi, ndiyo kwanza anaota meno. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inakwisha, na nyumbani kulikuwa na kesi moja tu: Idi aende nasari, au abaki na mimi?

Nilimtaka yule mtoto, jamani. Miaka yote nimefanya kazi ya kulea wazee wa watu, nikastaafu nikisema sasa zamu ya kulea wa kwangu. Nikiwaza nyumba kimya mchana kutwa, na yeye yuko kwa wageni, roho inaniuma. Zuhura akaniambia kwa Kiingereza chake, tuone kwanza, Mum. Mpeleke dukani kwa basi, na kigari chake, umrudishe, halafu nitaamua.

Mtihani! Nafanyiwa mimi, niliyemlea yeye mwenyewe! Na hawa wazazi wa siku hizi hata joto la maji ya kuogea wanaiuliza simu. Nikasema sawa.

Kigari chenyewe sasa. Kina breki, kina mwavuli, kina mahali pa kikombe cha kahawa, na mikanda kana kwamba Idi anarushwa mwezini. Kwenda hakukuwa na shida. Basi lilikuwa tupu, nikakiegesha vizuri. Mama mmoja wa Kizungu akamchekea Idi, akaniuliza huyu nani. Sisi kwetu bibi na mjukuu ni watani, namwita mume wangu, basi nami nikamtafsiria hivyohivyo: huyu ni mume wangu, na hana kazi. Yule mama akahamia kiti cha nyuma.

Balaa lilianza wakati wa kurudi. Nimenunua chane mbili za ndizi mbichi, mvua inanyunyiza, na basi linalokuja lina vigari viwili ndani tayari. Dereva akasema kwa upole nikikunje changu. Nikunje wapi? Nikambeba Idi mkono mmoja, nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Mwavuli ukafunguka. Kiti kikageuka kinyumenyume. Kijana mmoja akajaribu, mama wa Kinaijeria naye akajaribu huku anamwomba Mungu kwa sauti, wapi! Dereva akaomba radhi, akafunga mlango. Basi la pili, vilevile. Na Idi sasa analia mpaka uso umekuwa mwekundu.

Nikasema potelea mbali. Kanga haikosi kwenye mkoba wangu. Nikainama palepale kituoni, nikamtupia mgongoni, nikakaza fundo kifuani, nikavaa koti langu kubwa juu yake. Kilio kikakatika papo hapo. Nikasikia shavu lake la moto limelala kati ya mabega yangu, na miguu yangu yenyewe ikaanza kutembea. Ndizi nikaziweka kwenye kigari, nikazifunika blanketi zisilowe, nikawa nasukuma kuelekea nyumbani.

Watu wa hapa wanapenda kuchungulia watoto. Bibi mmoja na mbwa wake akainama, akainua ncha ya blanketi, "Aaah..." Alitazama ndizi, akanitazama mimi, akaniambia ni wazuri sana. Nikamshukuru, ningesemaje?

Nakaribia nyumbani, basi likasimama mbele yangu, akashuka nani? Zuhura, anatoka kazini alikokwenda kujiandaa kurudi. Akaja mbio na tabasamu, akafunua blanketi.

"Mum! Where's the baby?"

Ukelele huo! Barabara nzima iligeuka. Mimi nami, kwa mazoea ya kwetu, nikamjibu bila haraka, "Yuko mgongoni, atakuwa wapi?" Maana Korogwe hilo si swali. Nikavua koti. Idi kalala fofofo, mate yanamtiririka. Zuhura akakaa kwenye ukuta wa nyumba ya watu, akacheka, akalia, akacheka tena. Mimi nilijua nimeshafeli.

Jioni tunakula zile ndizi, akaweka kijiko chini. Jumatatu mpaka Jumatano nasari, akasema, kwa sababu pale kuna wenzake. Alhamisi na Ijumaa ni wako. Kisha akanisogelea, na kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuchechemea, akasema, "Mama, nifundishe kufunga." Nikamfungia Idi mgongoni. Akatembea ukumbini kama aliyebeba trei ya mayai, shingo imekakamaa, hathubutu hata kukohoa.

Enzi zile nilitupiwa mtoto mgongoni kila siku, na nilikuwa najificha nyuma ya choo nalia, kwa nini mimi, kwa nini si dada. Leo nimefanyiwa mtihani, nikapewa siku mbili tu kwa wiki, nikaenda jikoni na kufungua bomba la maji, ili Zuhura asisikie ninavyolia kwa furaha.