Simu Iliyozama Ras Kitau

Simu yangu haikuzama Ras Kitau. Kwa miaka miwili nilisema ilizama, mara moja niliapa, na hadithi hiyo niliisimulia kwa ufundi mpaka mwenyewe nikaanza kukumbuka ubaridi wa maji. Ukweli ni kwamba siku ile nilishuka kwenye boti nikiwa mkavu hadi nyayo, simu imo mkobani, nzima kama ilivyotoka dukani.

Sikusema imekufa yote. Nilisema inaita, inapokea, inaandika, ila hotspoti yake ndiyo iliyoharibiwa na maji ya chumvi. Ugonjwa huo niliuchagua kwa makini, kwa sababu ulininyima kitu kimoja tu: kazi ya kuwagawia wengine intaneti.

Nyumba yangu na ya jirani yangu zimeunganishwa na wikio, yaani chumba kinachopita juu ya uchochoro kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kina mlango huku na mlango kule, na mchana milango hiyo haifungwi. Wanawake wa nyumba hizi mbili wamepita humo tangu kabla sijazaliwa, bila kuvaa buibui, wakiomba chumvi, iliki, kibiriti, sindano ya kudungia kofia. Na katika mji wetu jirani hanyimwi. Neno "sina" tunalo, lakini "sikupi" halijapata kusikika wikioni. Kwa hiyo anayetaka kunyima husema kitu kimeharibika. Ngazi imelegea. Blenda imeungua. Cherehani inaruka uzi. Anayeambiwa hujibu "pole", na mambo huishia hapo.

Nimekaa chuo kikuu miaka minne, nikarudi tena kwa miwili zaidi. Nimeandika makala ndefu kuhusu watu wasiosema kweli mbele ya umma. Na nilipotaka kulinda bando langu, njia niliyoiona ni ile ile ya shangazi zangu na blenda zao.

Jirani mwenyewe ni mjane aliyepita miaka sitini, mdungaji wa kofia za nakshi za mkono, nami humwita Dada. Yeye huniita mdogo wake. Wajukuu zake walikuwa wakija kukaa wikioni kutazama katuni kwa intaneti yangu, na bando likawa linaisha kabla makala yangu haijamfikia mhariri. Ndipo nilipoizamisha simu.

Siku niliyotoa habari hizo, Dada alipotea kidogo akarudi na bakuli la mchele.

"Ifukie humu, mdogo wangu. Mchele hunyonya maji."

Nikaifukia. Dada akaketi kungoja pamoja nami, kama watu wanaokaa na mgonjwa. Haikupita robo saa, simu ikalia mle ndani ya mchele. Nikaichopoa, nikaitika, nikazungumza na mhariri wangu huku punje zikinidondokea mapajani. Nilipomaliza, Dada alizipangusa punje moja moja akazirudisha bakulini.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sauti imerudi."

"Sauti tu, Dada. Hotspoti ndiyo imekwenda."

"Pole. Ndiyo mambo ya bahari."

Nilidhani nimeshinda. Ili kuwa na hakika, alasiri ile nilijifungia chumbani, nikaingia kwenye mipangilio ya simu. Nilibadilisha jina la hotspoti, kisha nikabofya hiki na kile mpaka jina lenyewe likatoweka kwenye simu zote za nyumba ya pili. Nilivyobofya nikavisahau. Msomi huyo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu mwezi uliopita, asubuhi moja, Dada akaingia kwa mlango wa wikio na binti yake kitinda mimba, amekumbatia laptopu kuukuu kifuani. Binti huyu anajitolea katika zahanati kule Faza, na anachotaka duniani ni kusomea ukunga. Mwaka jana aliitwa kwenye usaili wa chuo kimoja bara, boti ikaharibika njiani, akafika watu wameshaondoka. Mwaka huu walikubali kumsaili kwa kompyuta, saa nne kamili, na barua ikasema wazi kuwa asiyeonekana hataitwa tena. Ofisi aliyopanga kukaa, karibu na gati, ilikuwa imeamka haina intaneti. Na simu yake? Simu yake ilitumbukia baharini alipokuwa akipanda boti Faza. Yake ndiyo iliyozama kweli. Alibaki na kabambe, kisimu cha vibonyezo kisicho na intaneti.

"Mdogo wangu," alisema Dada, "najua yako mbovu. Lakini tuijaribu kwa bismillahi. Huenda chumvi imeshakauka."

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Hapo ndipo mtu mwenye haya angesema kweli. Mimi nilisema, "Haya, tujaribu," kwa sauti ya fundi asiyetaka kuahidi.

Niliwasha hotspoti. Laptopu haikuona kitu.

"Imeya?" aliuliza Dada. Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, ndivyo tuulizavyo kama kitu kimekuja.

"Bado, mama."

Nikazima, nikawasha. Nikaiweka simu kwenye hali ya ndege, nikaitoa.

"Ndege ya nini tena? Kwani yuasafiri?"

"Ni kuiamsha tu, Dada."

Niliizima simu nzima nikaiwasha upya. Niliondoa ile hali ya kubania betri. Laptopu kimya. Jasho likaanza kunitoka, kwa sababu sasa nilitaka kwa moyo wangu wote ifanye kazi, na ilikataa kama nilivyokuwa nimeifundisha. Binti akauliza kama simu yenyewe inapata mtandao. Nikafungua ukurasa mmoja. Ulikuja kwa kusitasita. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima hauumalizi. Tukapanda juu ya paa, chini ya kile kibanda cha makuti ninapoanikia nguo, kisiwa cha Manda kikituelekea ng'ambo ya maji. Mtandao ukajaa. Laptopu ikaonyesha majina manne ya hotspoti za watu, na langu halimo.

Niliyatazama majina yale. Miaka yote nimeishi chini ya anga hii nikiamini kuwa ina mwezi, nyota na kunguru. Kumbe hewa ya juu ya uchochoro wetu ilikuwa imejaa majina ya majirani, yanapita kwenye kuta, yanapita kwenye miili yetu tukianika nguo, na lililokosekana lilikuwa langu, kwa mkono wangu.

"Mama mdogo," alisema binti, "naomba niione."

Akaipokea kwa mikono miwili. Sijapata kuona mtu akiishika simu vile. Alianza na yaliyo mazima, akiyataja kwa sauti ndogo, na baadaye aliniambia kuwa zahanati ndivyo wanavyompima mama mjamzito. Simu inapata mtandao? Inapata. Inasema inautoa? Inasema. Laptopu inaziona za wengine? Inaziona.

"Basi hakuna mgonjwa hapa," alisema. "Inatoa, lakini kwa mawimbi ambayo laptopu hii haiyasikii." Kidole chake kikashuka kwenye mipangilio. "Hii hapa. Imewekwa gigahezi tano. Vyombo vya zamani vinasikia mbili nukta nne tu. Mama mdogo, hii haijiweki. Huwekwa na mtu."

"Labda ni maji," nilisema.

Nilikuwa juu ya paa, jua la Mungu usoni, nikasema labda ni maji.

Binti hakubisha. Akabadilisha, na kwenye laptopu likachomoza jina la tano. Dada alisogea, akalisoma herufi kwa herufi, nami nilikuwa nimelisahau pia jina nililoipa siku ile.

"M-bo-vu," alisoma. Akanitazama, akaitazama simu. "Ajabu. Kumbe yajijua."

Saa nne kasoro dakika tatu laptopu ikaungana. Saa nne, watu watatu wakatokea juu ya paa langu: bwana mwenye miwani, bwana asiye na nywele, na katikati mama mmoja wa makamo aliyejifunga kilemba cha rangi ya manjano. Dada alisema "Subhanallah" na kurudi nyuma hatua moja, akajitengeneza mtandio. Mimi mwenye shahada mbili nilirudi nyuma hatua mbili. Nimetumia intaneti nusu ya umri wangu, lakini sikuwahi kusimama kando nikaiona ikipita: kutoka mji wa bara nisioujua, juu ya mikoko na maji, ikaingia katika kipande cha kioo mkononi mwangu, ikatoka tena bila waya, ikawa nyuso tatu zinazomsalimu mtoto wa jirani. Nami nilikuwa nimekiambia kipande hicho kijifanye kigonjwa.

Binti alijibu vizuri. Ilipopata dakika kama kumi, yule mama wa kilemba akamuuliza: mama amejifungua kisiwani, damu haikatiki, boti ya kumpeleka hospitali haipo. Utafanya nini?

"Kwanza," alisema binti, na picha ikaganda. Mama wa kilemba akabaki mdomo wazi.

Hotspoti ilikuwa imejizima yenyewe. Binti akaiwasha, ikajizima tena. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliinua macho akanitazama tu, na macho yale sitayasahau, kwa sababu hayakuwa ya kulaumu. Yalikuwa ya mtu anayetafuta msaada kwa mkubwa aliye karibu.

Hapo nikakumbuka. Alasiri ile ya kujifungia sikuwa nimetia kufuli moja. Nilikuwa nimetia mbili.

"Teremka chini kabisa," nilimwambia. "Pana mahali pameandikwa kikomo cha data. Ni megabaiti mia. Zikiisha, inajifunga. Niliweka mimi."

Binti akainamia simu. Nikamgeukia mama yake, maana sikuwa tena na pa kutazama.

"Dada, simu haikuzama. Hata tone halikuigusa. Niliifunga kwa makusudi, nikaiita mbovu, kwa sababu nilichoka kuwapa wajukuu zako intaneti na sikuwa na uso wa kukwambia. Nikafukia simu nzima kwenye mchele wako. Na sasa nimemharibia mtoto."

"Nilijua," alisema Dada.

"Ulijua nini?"

"Nilijua tangu siku ile ya mchele. Simu iliyozama ikalia kama mwadhini, nawe ukaitika, ukacheka na mhariri wako! Mimi ni mjane, mdogo wangu, si kiziwi."

"Miaka miwili? Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeona haya. Ungeona haya ungefunga mlango wa wikio. Mimi nautaka mlango. Intaneti nitaifanyia nini?" Akanyosha kidole chini, uchochoroni. "Hata wenzetu wa huko ndiani niliwaambia, simu ya mdogo wangu mbovu, msimsumbue. Ulidhani kwa nini hawakuja kukuomba?"

Nilikuwa nimejihesabu mtu mwerevu aliyewafunga wenziwe kwa mitambo. Kumbe miaka yote nilikuwa nimefungiwa mimi, ndani ya heshima ya mwanamke asiyejua gigahezi ni mnyama gani, na sikuiona, kama nisivyoyaona yale majina angani. Nilihisi udogo ambao mtu huuhisi akiinua kichwa usiku wa giza, ingawa ilikuwa saa nne na robo ya asubuhi na kunguru wanatutazama.

"Samahani," ikasema sauti. "Tunawasikia."

Tuligeuka sote. Kikomo kilikuwa kimeondolewa, laptopu ilikuwa imeungana tena yenyewe, na nyuso tatu zilikuwa zimerudi, sijui tangu neno gani. Bwana mwenye miwani alikuwa amefunika mdomo kwa faili. Mama wa kilemba alikuwa mkavu kabisa usoni. Alimwambia binti kuwa muda wake umekwisha na mwingine anangoja. Afanye ule mtihani mfupi wa maandishi kwenye kompyuta, kisha watampigia simu.

Alifanya mtihani hapo hapo, nami nilikaa kando nimeshika simu kana kwamba ingeweza kuruka. Kisha tukangoja. Siku ya kwanza binti hakula. Siku ya tatu akaanza kufunga mizigo ya kurudi Faza, akafungua, akafunga tena. Mimi niliiacha hotspoti wazi kutwa, wajukuu wakarudi wikioni na katuni zao, na kila nilipopita hapo nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuyatumia tangu mitihani yangu mwenyewe.

Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, tulikuwa wikioni sote watatu. Dada alikuwa akidunga kofia, mimi nachagua mchele kwenye ungo. Kabambe ikalia. Binti akaitazama namba, akabonyeza, akaweka sauti kubwa ili nasi tusikie.

Alikuwa yule mama wa kilemba. Hakusalimu sana.

"Swali langu hukulimaliza," alisema. "Boti haipo na damu haikatiki. Endelea."

Binti akasimama.

"Kwanza siwi peke yangu, naita watu," alisema. "Nasugua tumbo la uzazi mpaka lijikaze. Mtoto namweka kwenye ziwa la mama yake. Nampa sindano ya kuzuia damu, naangalia kibofu kisijae, namfunika apate joto. Boti natuma watu wakaitafute popote ilipo. Na mkono wangu siuondoi mpaka ifike."

Dada alikuwa ameshika sindano hewani.

"Vema," ilisema sauti. "Muhula ujao unaanza nasi. Barua itakuja." Kisha, kabla hatujapata pumzi ya kushangilia, "Na yule mama wa hotspoti, yupo hapo?"

Binti alinielekezea kabambe. Nikaweka ungo chini.

"Nipo," nilisema.

"Ile simu, imeshakauka?"

Nilimtazama Dada. Alikuwa amejiziba uso kwa ile kofia, mabega yakimtikisika.

"Imekauka," nilisema.