Amri ya Bwana Tabasamu

Mpiga picha mmoja, ambaye wateja walimbatiza Bwana Tabasamu kwa kuwa anawaamuru wote watabasamu na yeye hatabasamu hata kwa dawa, aliamua kujifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akiwa na mvi tele. Bawaba ya mlango wa studio ilikuwa ikilia tangu enzi na enzi, hiyo hakuigusa. Alikuwa na shughuli kubwa zaidi: kuandika programu ya kuzipa picha za wanafunzi majina na kuziweka kila moja kwenye folda ya darasa lake.

Kazi hiyo ilikuwa ya dada yake. Tangu afiwe na mume, dada alikuja kila asubuhi, akakaa kwenye kompyuta ya meza ya pili na kuandika majina, picha baada ya picha, huku akilalamikia macho na kuwasema majirani. Bwana Tabasamu, mdogo wake, alimwonea huruma, akataka kumpumzisha.

Programu ilipokubali, bwana hakutosheka. Alitaka iwe amri kamili: popote alipo ndani ya kompyuta aandike "panga" tu, na kazi ifanyike. Akajaribu kuisakinisha. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Sina ruhusa!" alifoka. "Nimekununua mimi, umeme nalipa mimi, halafu unaniambia sina ruhusa?"

"Labda inakujua," dada alisema bila kugeuka.

Akahangaika, akaielekeza amri kwenye folda yake mwenyewe, mwishowe ikakaa.

"Dada, njoo uone maajabu!"

Akaandika "panga", akabonyeza. Kufumba na kufumbua, shule nzima ilikuwa imepangwa. Akageuka kupokea sifa.

Dada alikuwa anajifunga mtandio.

"Hongera, mdogo wangu. Basi mimi sina kazi tena hapa. Kesho usinisubiri."

Bwana Tabasamu alinywea. Fundi wa amri hakuwa amefikiria kwamba kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa dada yake kwenye nyumba tupu. Wala hakuwa amefikiria asubuhi zake mwenyewe zingekuwaje bila yeye, na sasa alipozifikiria aliogopa kwelikweli.

Akaifuta amri kwenye kompyuta yake, akahamia meza ya pili, akaisakinisha kwenye kompyuta ya dada.

"Sasa wewe ukitaka kupanga picha utafanyaje?" dada aliuliza, mkono uko kwenye kitasa.

"Nitakuja kukuomba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Dada akampima kwa macho. "Haya, omba."

Bwana akasafisha koo. "Dada, naomba unipangie picha."

"Na tafadhali umeiacha wapi?"

"Tafadhali, dada. Usiondoke."

Dada akarudi, akaketi, akaliandika neno lile kwa kidole kimoja, taratibu mno, kana kwamba lina herufi mia. Kazi ikaisha papo hapo. Yeye hakuinuka.