Mashine Iliyoomba Radhi

Mimi na mdogo wangu hatukuwa tukisemezana tangu matanga ya mama yetu. Jirani aliniletea neno kwamba mdogo wangu amenisengenya, nami, mwalimu niliyewafundisha watoto wa watu kudai ushahidi, sikumwuliza. Miaka ikapita. Kisha kiharusi kikatupata sote wawili, tukakutana katika kliniki moja ya Msambweni, kwenye kundi la mazoezi la watu wanne.

Mezani palikuwa na roboti nyeupe, kimo chake kama mtoto anayejifunza kusimama, iliyoletwa kwa majaribio. Kazi yetu ilikuwa kujenga mnara wa vibao kwa mikono iliyopooza, kila mtu akimpokeza mwenzake. Mimi nilipokezana na wote isipokuwa mdogo wangu.

Siku moja roboti ikaangusha kibao. "Niwieni radhi," ikasema, "nimekosa."

Walioitengeneza huenda hawakujua uzito wa neno hilo kwetu. Aombwaye radhi hawezi kunyamaza. Tukajibu sote, "Tumekuwia," sauti yangu na ya mdogo wangu zikatoka pamoja.

"Kumbe midomo mnayo!" akacheka bibi mmoja wa Bodo tuliyefanya naye mazoezi. "Mashine imewashinda adabu, wazee wazima!"

Tangu hapo tukasemezana kupitia roboti.

"Mwambie huyo anipe cha kijani."

"Mwambie kaka nimeshampa, mkono wake ndio mzito."

Mnara wetu ukapanda kuliko ulivyowahi kupanda. Nilikuwa na neno langu la kumwambia mwenyewe, lakini kila juma niliahirisha. Mashine ilinitosha.

Kisha majaribio yakaisha, roboti ikatiwa ndani ya kasha, ikaondoka. Tukabaki kuizunguka meza, kila mtu na vibao vyake. Mdogo wangu akaacha kuja, wala sikwenda kumwuliza kwa nini.

Nilipoarifiwa kwamba kiharusi kimemrudia, nilikwenda kwake Ukunda asubuhi ile ile. Nilimkuta hawezi kusema.

"Niwie radhi, mdogo wangu," nilimwambia. "Niliamini la mtu bila kukuuliza wewe."

Midomo yake ikatikisika.

"Amekuwia, shemeji," mkewe akasema kutoka miguuni pa kitanda. "Nimemsikia."

Mimi ndiye niliyekuwa nimeinama, sikio langu likigusa mdomo wake. Sikusikia neno. Alifariki kabla ya adhana ya alasiri.