Fundi Aliyekataa Kutembea Hapohapo

Zamani ukiuliza mzee wa nyumba yuko wapi, jibu "katembea" lilitosha na hakuna aliyepandisha nyusi; siku hizi mzee akitoka getini kwa miguu yake mwenyewe, watu wanadhani ama kapotea ama kapata mtu.

Fundi aliyajua hayo kwa kuumizwa nayo. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa suruali za heshima, na jina la kazi lilimganda kiasi kwamba hata marehemu mkewe hakumwita vingine. Baada ya mazishi, mwanawe alimchukua akaishi naye kwenye zile nyumba za geti moja zinazofanana kama vifungo vya shati. Wakampa chumba kizuri, televisheni na kiti cha kuegemea. Humo ndani Fundi akaanza kunyauka. Usingizi ulimkimbia, chakula kikamkaa kooni, presha ikapanda, na mikono iliyowahi kutunga uzi gizani ikatetemeka hadi kikombe kikawa kinamgonga meno.

Daktari alimpima, akamwandikia vidonge, kisha akaweka kalamu chini. "Mzee, hivi utameza. Lakini utembee. Kila siku, penye miti, siyo barabarani kwenye moshi."

Nyuma ya zile nyumba palikuwa na bonde, kijito na kimsitu ambacho wenye uchu wa kujenga walikuwa bado hawajakitia macho. Fundi akaenda huko alfajiri. Siku za mwanzo alihema, akashika kila mti njiani kama mlevi. Hakuacha. Maisha yake yote macho yake yalikuwa yamefungwa umbali wa shubiri moja, kwenye tundu la sindano. Sasa yakafundishwa upya kutazama mbali, ng'ambo ya bonde, mpaka yakaacha kuuma. Pumzi ikarudi. Mgongo uliopinda juu ya cherehani ukaanza kukumbuka kunyooka. Na siku moja, penye jiwe karibu na maji, alimlilia mkewe kwa sauti, kilio ambacho kule nyumbani hakikupata nafasi, kwa kuwa kila alipoanza kuguna mtu aliongeza sauti ya televisheni. Mchana ule alikula akaomba aongezwe. Usiku alilala kama gogo.

Alikuwa na jambo moja tu la ajabu: kila alfajiri alipiga pasi shati kabla ya kutoka. Hakuwahi kutoka nyumbani na mkunjo, na hakuona kwa nini miti ipate heshima ndogo kuliko wateja.

Shati ndilo lililomponza. Jirani mmoja, mama mwenye macho makali, alimkamata mkwewe Fundi, mke wa mwanawe, kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Shoga, mkweo siku hizi anatembea!"

"Anatembea?"

"Kila alfajiri! Kanyooka huyo, kang'aa, shati limepigwa pasi. Nimefurahi, wallahi."

Jirani alisema alichokiona. Mke wa mwana alisikia alichokisikia. Jioni Fundi akaitwa sebuleni, televisheni ikazimwa, naye akajua kuna msiba.

"Baba," mwanawe alianza huku akitazama zulia, "tumesikia unatembea."

"Natembea, ndiyo."

"Hata hukatai?"

"Nikatae nini? Daktari mwenyewe kaniambia."

"Daktari kakwambia utembee?" Mke wa mwana akashika kifua. "Kwa umri huo?"

"Kasema ndiyo dawa ya umri huu, mwanangu. Na kweli, mwili umekuwa mwepesi."

"Na unatembea na nani, Baba?"

"Mara nyingi peke yangu. Siku nyingine na yule mkunga mstaafu wa nyumba ya pembeni, lakini yeye hana pumzi. Tukifika kwenye jiwe ananiomba tupumzike."

Mwanamke wa watu akatoka mbio kwenda jikoni. Mwana akafunika uso kwa viganja. Ilichukua muda mrefu, na maneno mengi ya kuzungukazunguka, mpaka Fundi akaelewa anashtakiwa nini. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Angekuwa amesamehe, kama na wao wangecheka.

Hawakucheka. Ikawa aibu imeongezeka badala ya kupungua. "Hata kama ni miguu tu, Baba, watu wanaongea," mwanawe alisema. "Utaanguka kule porini. Watasema tumekutupa. Niachie mimi, nitakutafutia njia."

Njia yenyewe ikaletwa na wabebaji wawili: mashine ya kutembelea, yenye mkanda mweusi na vitufe, ikawekwa chumbani kwake ikitazama ukuta.

"Panda, Baba. Unabonyeza hapa, unatembea."

"Natembea kwenda wapi?"

"Hapohapo."

"Hapohapo!" Fundi akaizunguka ile mashine kama anayekagua kitambaa chenye kasoro. "Wewe umesomeshwa kwa cherehani ya kukanyaga. Nimekaa nikakanyaga ujana wangu wote, nikakanyaga na utu uzima, sikusogea hata hatua. Ila ile angalau ilitoa suruali. Hii inatoa nini?"

"Inatoa afya, Baba."

"Afya ninayo kule bondeni. Haina waya."

"Basi ni amri ya nyumba," mke wa mwana akasema kutoka mlangoni, akiwa amechoka kubembeleza. "Mlinzi ameshaambiwa. Kutembea ni humu ndani."

Fundi alianika taulo lake kwenye ile mashine, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanyisha. Asubuhi alifika getini na shati lake lenye pasi, mlinzi akasimama akijikuna shingo.

"Nisamehe, Mzee. Bosi kasema usitoke kutembea."

"Mimi mfungwa?"

"Mimi nina watoto wa kulisha, Mzee wangu."

Fundi akarudi ndani. Akavuta sanduku lake chini ya kitanda, akatia mkasi, futi ya kupimia, pasi, nguo zake na picha ya mkewe. Akajua akibaki humo, kiti kile kitammaliza, na kwamba watasema ni uzee. Akarudi getini akiburuta sanduku.

"Sasa hii ni nini?" mlinzi akauliza.

"Nahama."

Mlinzi akafikiri. Kisha akatabasamu, akavuta komeo. "Kutembea nimekatazwa. Kuhama sikuambiwa kitu."

Alipanga chumba ng'ambo ya bonde, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akaweka cherehani ya mitumba dirishani. Anakunja pindo za suruali mchana. Alfajiri ni yake. Mwanawe alipiga simu jioni ileile akifoka, kesho yake akibembeleza, na mwisho akasema kwa upole, "Haya, Baba. Jumapili tutakuja kutembea."

Fundi alifagia, akaazima viti viwili. Jumapili ikapita, na zilizofuata. Watu waliosahau kutembea kwa miguu wamesahau na kule kutembea kwa kujuliana hali. Ni neno moja, na limewafia lote kwa mpigo.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi, pale njia yake inapokatiza barabara kuu kabla ya kushuka kijitoni. Magari yalikuwa yamesimama, mkia wa foleni hauonekani. Walikuwa humo, vioo vimepandishwa, mwanawe akipiga usukani kwa kiganja, mkewe akijitazama kwenye simu. Fundi akanyoosha kola, akapita mbele ya boneti yao taratibu, ili waweze kumwona wakitaka. Hawakuinua macho. Akaingia kwenye miti.