Bwana Karibia

Katika kiwanda kile cha mashati, karani wa uzalishaji alipendwa kuliko mtu yeyote, na kama ungeniuliza mimi, alipendwa bure. Alikuwa mrefu, mkondefu, suruali imepandishwa hadi karibu na mbavu, kalamu mbili mfukoni mwa shati kila siku ya Mungu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Washonaji walimwita Bwana Karibia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake.

Ofisi yake ilikuwa kijisanduku cha vioo, kimebanwa kati ya ukumbi wa mashine na stoo ya vitambaa. Dirisha lake moja lilikuwa limepigiliwa misumari ili vumbi la pamba lisiingie, kwa hiyo vumbi likawa linaingia mlangoni na likishaingia halitoki. Alianza kazi humo akiwa na miaka thelathini na minane, akajiapia kuwa mwaka mmoja tu, akipata nauli ya maisha aondoke. Sasa alikuwa na arobaini na tisa. Kiti kilikuwa kimeshachukua umbo lake, na yeye, akisimama, alikuwa ameshachukua umbo la kiti.

Kazi yake ilikuwa kujumlisha kola, mikono na vifungo vilivyoshonwa, kisha kuandika barua. Mshonaji ambaye hakufikia lengo la mwezi alipewa barua. Barua iliandikwa kwa Kiingereza kwa sababu wenye kiwanda walikaa mbali na walitaka kuisoma nakala yake, hata kama aliyeandikiwa hakuelewa zaidi ya jina lake lililokuwa juu. Na katika kila barua palikuwa na usemi mmoja usiobadilika: "fall short", yaani kupungukiwa.

Usemi huo alifundishwa na Meneja wiki yake ya kwanza. "Usiandike kwamba mtu ameshindwa," Meneja alimwambia. "Kushindwa ni neno zito, linaleta kesi. Andika hivi, ni lugha ya kistaarabu."

Karani aliupenda usemi ule tangu siku hiyo. Aliutafuta kwenye kamusi, akaukariri, akaupatia mfano wa nyumbani: mtu anaruka mtaro, anakimbia vizuri, ananyanyuka vizuri, lakini anatua kabla ya kufika ng'ambo. Hakuogopa, hakulala, ameruka kweli. Amepungukiwa kidogo tu. Alijua pia namna ya kuutumia: unasemwa kwa lengo, unasemwa kwa matumaini, unasemwa kwa juhudi na hata kwa mtu mzima mwenyewe. Aliona ni usemi wenye huruma. Siku alizokuwa na furaha aliutamka peke yake ofisini kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Basi ikawa desturi. Siku ya barua, saa saba mchana, wakati wa chakula, wenye barua walimletea bwaloni naye akasimama kando ya tangi la maji akazisoma kwa sauti, moja moja, akizigeuza kwa Kiswahili.

"Mama Vifungo!" angeita. "Barua inasema, ulilenga vifungo elfu mbili kwa siku. Umekaribia!"

Bwalo zima lilivunjika mbavu, watu wakapiga makofi. Neno likahamia mitaani. Mchumba aliyeahidi kuja kujitambulisha kisha akazima simu, huyo alikaribia. Ugali uliokwama kabla ya kuiva kwa sababu gesi imekwisha, ulikaribia. Hata mwanamke mmoja wa mstari wa mikono, mumewe alipoezeka nyumba nusu akakaa miaka minne, alimwita mumewe Karibia Mdogo mbele ya wakwe.

Chini ya kila barua palikuwa na kisanduku kitupu cha maoni ya mfanyakazi, na mstari wa saini. Watu wakiuliza kuhusu kisanduku, karani alisema, "Hapo si lazima. Acha tu, weka saini." Hakudanganya. Kweli haikuwa lazima. Ila alichojua yeye, na wao hawakujua, ni kwamba mfanyakazi akiandika sababu humo siku hiyohiyo, na sababu ikathibitishwa, barua inafutwa. Na alijua jambo la pili: barua tatu zilizosainiwa zikiwa tupu, mtu anatolewa kazini. Aliyajua yote mawili. Alijiambia kwamba watu wamechoka, wana joto, wana watoto, kwa nini awaongezee mzigo saa ya chakula? Mtu akitolewa, karani alisikitika kweli, tena kwa moyo wote. Alimsindikiza hadi getini akimbebea mfuko.

Mama Pacha alisindikizwa hivyo. Alipata barua ya tatu mwaka jana, akacheza nayo kiunoni kando ya tangi, na kesho yake kadi yake ikakataa kufungua geti.

Naye karani hakusalimika. Kila mwaka aliomba nafasi ya ofisa mafunzo, iliyokuwa ghorofani, yenye dirisha linalofunguka. Kila mwaka Meneja alimjibu kwa barua, na kwa kuwa karani ndiye mwandishi wa barua, Meneja alimtajia tu maneno naye akajipigia chapa mwenyewe kwamba hajafikia kiwango kinachotakiwa, kwa usemi uleule. Kisha akajisainia. Mara moja alikuta amekosea nukta, akairudia yote.

Mwezi huo ninaousema, Meneja alimwita akiwa amechangamka. Makao makuu walikuwa wameleta taarifa. Katika viwanda vyao vingine karibu nusu ya barua zilipingwa; hapa, miaka kumi na moja, hakuna hata moja.

"Ni wewe," Meneja alisema, akimpiga bega. "Ukieleza wewe, hakuna anayelalamika. Nikupeleke mafunzo, halafu hapa nani atasoma? Hapo ulipo ndipo pako."

Karani alirudi kwenye sanduku lake. Ndiyo kwanza alielewa kwamba hakuwa ameajiriwa kuhesabu kola. Alikuwa ameajiriwa kwa ajili ya zile dakika tano za makofi. Alikaa, akavuta rundo la barua za mwezi aanze kazi, na jina la tatu kutoka juu lilikuwa la mdogo wake.

Mdogo wake wa kike, Kitinda kama walivyomwita nyumbani kwa kuwa alikuwa kitindamimba, alishona kola mstari wa pili. Karani ndiye aliyemsomesha na ndiye aliyemwingiza kiwandani. Mama yao aliishi kwa Kitinda, mguu mmoja ulishakataa kutembea, na dawa zake zilitoka mfukoni mwa karani. Kitinda alikuwa na barua mbili. Zote mbili kaka yake alimsomea kando ya tangi, na zote mbili zilikuwa tupu kwenye kisanduku.

Lakini hii ya tatu ilikuwa na sababu ya wazi kabisa. Mashine yake ilikatakata uzi kwa siku nne nzima, fundi akaifungua mara tatu, na yote yameandikwa kwenye daftari la fundi, tarehe na saa. Mistari miwili tu ndani ya kisanduku ingetosha. Karani alipiga moyo konde. Saa sita na nusu alimwita Kitinda nyuma ya stoo, kwenye ngazi zilizojaa marobota ya kitambaa, na humo kwenye nafasi ya kukaa watu wawili akamweleza kila kitu. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akijiumauma, lakini alieleza.

Kitinda alijitazama mikono. Vidoleni bado alikuwa na vipande vya uzi mweupe.

"Kwa hiyo lile neno maana yake nini hasa?" aliuliza.

"Ni vilevile. Kupungukiwa. Unaruka mtaro, unatua kabla ya ng'ambo."

"Yaani unatua ndani."

Karani aliuvuta uzi uliochomoza kwenye robota.

"Kaka, aliyetua ndani kwa kupungukiwa na inchi moja, na aliyetua katikati, si wote wamelowa?"

"Wote."

"Na wewe unasimama pale unatupigisha makofi."

"Nilikuwa nawatia moyo."

"Ulikuwa unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Alisema bila kupaza sauti. "Mama Pacha alicheza, kaka. Mimi ndiye niliyemshikia sahani yake ili acheze."

Karani alimwonyesha kisanduku, akamwambia aandike habari ya mashine, yeye ataigeuza kwa Kiingereza kizuri, ndani ya dakika mbili mambo yamekwisha. Akamwambia kazi yake itabaki salama. Alisema "salama" mara tatu.

"Na ikifutwa?" Kitinda aliuliza.

"Ikifutwa imefutwa."

"Si nilisikia kwenye viwanda vingine kuna karatasi inabandikwa?"

Ilikuwepo. Kanuni ilitaka barua ikifutwa, tangazo libandikwe ubaoni mlangoni mwa bwalo, jina na sababu, siku saba. Halikuwahi kubandikwa hata moja, ndiyo maana karani alikuwa amelisahau.

"Watasoma," Kitinda alisema. "Watauliza, kumbe inafutika? Wataniuliza nimejuaje. Halafu watauliza kwa nini dada yako ameambiwa na sisi hatukuambiwa. Unafikiri watakuja kwangu? Watakuja kwako na mikasi yao yote. Na Meneja naye hatakuwa na haja na wewe tena."

"Acha waje," karani alisema, ila sauti ilitoka kama ya mtu anayeuliza.

Kitinda alimtazama vizuri, kuanzia suruali ile ya mbavuni hadi kalamu. Hasira ilikuwa imejaa usoni mwake, na nyuma ya hasira palikuwa na kitu ambacho karani alitamani kisiwepo, kwa sababu kilikuwa huruma.

"Mimi nina mikono," alisema. "Nitashona popote, hata kibarazani kwa watu. Wewe una nini, kaka? Ukitoka hapa na miaka hamsini, utakwenda wapi na usemi wako mmoja? Na dawa za mama?"

"Nitapata kitu."

"Kipi?"

Miaka kumi na moja karani alijiambia kwamba siku moja atatoka kwa mlango ule, na sasa mlango ulikuwa wazi, unahitaji mistari miwili tu ya mtu mwingine, naye alikuwa amekaa kwenye ngazi anaogopa. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na aliyeyaona ni mtoto aliyembeba mgongoni.

"Nipe kalamu," Kitinda alisema.

Hapa ningependa kukusimulieni kwamba alikataa. Kwamba aliichana ile barua, au walau alisema "subiri". Muda alikuwa nao. King'ora cha chakula kilikuwa bado. Lakini alipeleka mkono mfukoni, na kwa kuwa zilikuwa mbili, alizijaribu zote kwenye kiganja chake, akampa ile inayoandika vizuri.

Kitinda alikiacha kisanduku kitupu, akatia saini, akapuliza wino ukauke.

"Ukinisomea, soma kama siku zote," alisema akimrudishia. "Na usitazame chini. Watajua."

Saa saba bwalo lilijaa, sahani zikigongana. Bwana Karibia alisimama kando ya tangi akasoma barua ya kwanza, ya pili, watu wakacheka walipotakiwa kucheka. Alipofika ya tatu alikohoa, wenzake wakadhani ni vumbi la pamba, mmoja akamchotea maji. Akanywa. Kisha akasema kwamba mstari wa pili, mshonaji wa kola, alilenga kola mia nne kwa siku, na amekaribia.

Makofi yakalipuka. Mtu akapiga kigelegele kwa kuwa ni dada yake karani. Kitinda alisimama katikati yao akapiga makofi naye, kwa nguvu, akimtazama kaka yake usoni, na hakuacha hata wengine walipokuwa wameshaacha.